SUKARI YA RUZUKU NA KIBARUA CHA MKATA MIWA



Mara nyingi tunapodai nyongeza ya mshahara katika mashamba ya miwa, jibu la mwajiri huwa lile lile: bei ya sukari imeshuka katika soko la dunia. Husemwa kana kwamba bei ni mvua, hushuka kwa amri ya Mungu. Yafaa tufahamu kwamba kwa miaka mingi bei hiyo ilisukumwa chini na watu, kwa fedha za umma. Chombo kilichotumika kinaitwa ruzuku ya mauzo ya nje.

Ruzuku hiyo ni nini? Tuseme sokoni wapo wauza mahindi wawili. Kila mmoja debe limemgharimu shilingi 1,000. Wa kwanza anauza kwa 1,200 ili apate chakula cha watoto. Wa pili anauza kwa 500, na jioni mjomba wake tajiri anamlipa 700 zilizopungua. Huyu wa pili hakulima vizuri zaidi, wala jembe lake si kali zaidi. Lakini wa kwanza ndiye atakayerudi nyumbani na mahindi yake kichwani.

Katika biashara ya sukari mjomba huyo alikuwa Jumuiya ya Ulaya. Tangu mwaka 1968 Jumuiya iliwawekea wakulima wake wa kiazi sukari, mmea unaotoa sukari kama muwa, bei ya juu iliyolindwa. Miaka ya mwanzo ya 2000 bei hiyo ilikuwa karibu euro 632 kwa tani, kiasi cha mara tatu ya bei ya soko la dunia. Kwa bei nono namna hiyo kila mtu alilima, na Ulaya, iliyokuwa ikinunua sukari nje, ikageuka kuwa muuzaji mkubwa. Sukari ya ziada ilipelekwa nje kwa bei ya chini na pengo likafidiwa. Mwenye kulipa alikuwa mfanyakazi wa Ulaya, kwa bei ya sukari dukani na kwa kodi. Mwenye kuumia alikuwa mkata miwa wa nchi isiyokuwa na mjomba.

Brazil, Australia na Thailand zilishitaki mbele ya Shirika la Biashara Duniani. Jumuiya ilikuwa imeahidi kutopeleka nje kwa ruzuku zaidi ya tani milioni 1.27 kwa mwaka. Ilionekana kwamba katika msimu wa 2000/2001 ilipeleka karibu tani milioni 4.1. Watetezi wake walisema sehemu kubwa ya sukari hiyo haikulipiwa ruzuku hata senti. Waamuzi wakajibu kwamba kiwanda kinachopata faida kubwa nyumbani kwa bei iliyolindwa kinaweza kuuza nje kwa hasara bila kufa, na hiyo nayo ni ruzuku. Hukumu ya mwisho ilitoka Aprili 2005, na Ulaya ikaamua kupunguza bei yake kwa asilimia 36 kuanzia mwaka 2006.

Je, mkata miwa alishangilia? Hapa, wenzangu, ndipo penye fundo. Kwa mkataba wa sukari uliotiwa saini Lomé mwaka 1975, Ulaya ilinunua kiasi maalumu cha sukari kutoka makoloni ya zamani, kwa bei ile ile ya juu. Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi na Madagascar zilitajwa humo, na Mauritius ndiyo iliyopata fungu kubwa kuliko wote. Bei ya Ulaya iliposhuka, na ya kwao ikashuka. Ruzuku iliyomwumiza mkata miwa wa Brazil ilikuwa inamlisha mkata miwa wa Mauritius.

Kisiwa cha St. Kitts, kilicholima miwa kwa zaidi ya miaka 300, kilifunga kiwanda chake Julai 2005. Kiwanda cha sukari cha mwisho cha Ireland, katika mji wa Mallow, kilifungwa mwaka 2006, na wenzetu Wazungu wakarudi nyumbani kama sisi. Mauritius ilipanga kupunguza viwanda kutoka 11 hadi 4. Lakini huko, kwa kuwa jambo hilo liliingizwa katika sheria, mfanyakazi aliyekubali kuacha kazi alistahili fedha kwa kila mwaka aliotumika, pamoja na kiwanja. Wengine walikisubiri kiwanja hicho kwa muda mrefu, lakini haki yao ilikuwa imeandikwa. Ulaya nayo ilitenga zaidi ya euro bilioni 1 kuzisaidia nchi za mkataba ule kujirekebisha. Fedha za namna hiyo hupita katika mikono ya serikali na makampuni kabla ya kumfikia mkata miwa, ikiwa zitamfikia.

Desemba 2015, katika mkutano wa Nairobi, nchi za Shirika la Biashara Duniani zilikubaliana kufuta ruzuku za mauzo ya nje: tajiri mara moja, isipokuwa kwa bidhaa chache, na zinazoendelea kwa kupewa muda. Huo ni ushindi. Lakini ruzuku anayopewa mkulima wa nchi tajiri shambani kwake haikufutwa Nairobi. Mjomba haruhusiwi tena kulipa sokoni, bali shambani bado anaruhusiwa.

Basi tufanye nini? Kwanza, mwajiri akitaja bei ya dunia, tumwombe aonyeshe hesabu: ameuza wapi, kwa bei gani, kwa mkataba gani. Pili, mkataba wetu wa kazi utaje malipo ya kufungwa kwa kiwanda sasa, wakati bomba la moshi linafuka, kwa maana kiwanda kikishafungwa hakuna wa kujadiliana naye. Tatu, serikali zetu zinapokwenda kujadili biashara, chama cha wafanyakazi kiwemo, na fedha za fidia zikija tujue zimekuja kiasi gani na zimeishia wapi.

Bei ya sukari hupangwa mezani. Mkata miwa asiyekuwa na mwakilishi kwenye meza hiyo atapelekewa habari shambani, siku ya kufukuzwa.