Kwa nini mapacha wa kondoo huzaliwa wepesi

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na wewe unayefuga kondoo Gatumba, uwe bado kwako au umehamishwa na mafuriko. Kondoo akizaa mapacha ni baraka, lakini wakiwa wepesi mno unaweza kuwapoteza siku ya kwanza. Mwanakondoo mdogo hupoteza joto haraka na hukosa nguvu ya kusimama anyonye.

Uzito huo hutokana na nini?

Kwanza, mapacha hugawana chakula cha mama mmoja. Kila mmoja huwa mwepesi kuliko anayezaliwa peke yake, ingawa ukiwajumlisha wanamzidi.

Pili, lishe ya mama. Mimba ya kondoo huchukua miezi 5 hivi, na sehemu kubwa ya uzito wa mtoto huongezeka katika wiki 6 za mwisho. Wakati huohuo watoto hubana tumbo la mama, hivyo hawezi kula kingi kwa mara moja. Mlishe kidogo kidogo, mara nyingi: nyasi mbichi, majani ya viazi vitamu, pumba kidogo za mpunga, na maji safi.

Tatu, umri. Anayezaa mara ya kwanza bado anakua mwenyewe, kwa hiyo watoto wake huwa wadogo. Usimpandishe akiwa mchanga.

Nne, jinsia. Dume huwa mzito kidogo kuliko jike.

Tano, magonjwa, na hapa Gatumba tuwe macho. Tangu mto Rusizi ulipofurika Aprili 2020, mabondeni pamezama tena na tena. Penye maji yaliyotuama kuna konokono wanaoeneza minyoo ya ini. Minyoo hiyo humpunguzia mama damu na nguvu, naye hubaki na kidogo cha kuwapa walio tumboni. Usichunge kwenye majani yaliyotoka kuzama; kata nyasi za mahali pakavu umletee. Kabla ya kumpa dawa ya minyoo, muulize daktari wa mifugo, maana dawa nyingine hudhuru mimba changa.

Siku ya kuzaa, wafute mapacha wakauke, uwaweke pasipo na upepo. Hakikisha wote wawili wamenyonya maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, mapema kabisa. Anza na yule mwepesi, kwa sababu mwenzake atajitafutia.

Kwa leo tunaishia hapa. Mwambie na jirani yako anayefuga.