Kubadili Injini Gerejini Brampton: Tumefika Wapi?

Siku hizi kila tukikutana swali ni lilelile: "Vipi mzee, ile Corolla imepona?" Jibu fupi: injini nyingine iko ndani na inawaka, ila gari bado halijarudi barabarani. Jibu refu ni hili hapa, maana kuna wenzetu wawili watatu wanaotaka kujaribu kazi hiyohiyo, na nchi ya baridi ina mambo yake ambayo nyumbani hatukuyazoea.

Gari lenyewe ni Corolla ya 1996, ukoo wa zile "100" mnazozijua. Ilikuja na injini ya 4A-FE ya cc 1587, imechoka, inakunywa oili kama chai. Badala yake nimepata 7A-FE ya cc 1762 kutoka uwanja wa magari yaliyovunjwa.

Injini hizi mbili ni mtu na mdogo wake. Zote zina silinda nne zenye upana wa milimita 81. Tofauti ni safari ya pistoni: milimita 77 kwa 4A, 85.5 kwa 7A. Piga hesabu: eneo la silinda, mara hizo milimita 8.5 za ziada, mara nne, unapata cc 175. Ndiyo tofauti yote hiyo. Na kwa kuwa Toyota wenyewe waliuza Corolla hii Amerika ya Kaskazini ikiwa na injini zote mbili, mauntini zimekaa bila kukata wala kuchomelea chuma. Somo la kwanza basi: chagua injini ambayo kiwanda kiliwahi kuiweka kwenye gari la aina yako. Ukichagua kwa sifa za vijiweni, utajuta.

Kutoa na kuingiza injini kulichukua wikiendi mbili. Ni mzigo wa zaidi ya kilo 100, kwa hiyo tulikodi kreni. Watu wanadhani hapo ndipo kazi inapoisha. Kumbe ndipo inapoanza! Waya zilichukua wiki tatu. Fundi wa Gerezani au wa Kirinyaga Road anafuata waya kwa taa ya kupimia na uzoefu wa miaka. Mimi nilibandika karatasi yenye namba kwenye kila plagi na kupiga picha kabla ya kuchomoa. Halafu nilihakikisha injini inakuja na kompyuta yake na waya zake, maana kompyuta ya 4A inapima petroli kwa hesabu ya injini ndogo.

Sasa tuje kwenye baridi. Nyumbani wengi tunajaza redieta maji ya bomba na maisha yanaendelea. Hapa maji hayo yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, na bloku ya chuma inapasuka. Dawa ni kuchanganya nusu maji safi na nusu dawa ya kuzuia kuganda. Mchanganyiko huo unavumilia mpaka kama nyuzi 37 chini ya sifuri. Oili chafu na maji ya zamani usimwage kwenye mtaro. Peel wana vituo vya kupokea taka za namna hiyo kutoka majumbani.

Jambo kubwa kuliko yote ni moshi, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Chini ya mwembe injini inawashwa na upepo unachukua kila kitu. Brampton gereji nyingi zimeshikana na nyumba, na wengi wetu tunapanga vyumba vya chini, besimenti. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi: haina rangi, haina harufu, na inashika damu mahali pa oksijeni. Kufungua mlango wa gereji nusu hakutoshi. Sisi tulisukuma gari nje kabisa, kwenye theluji, ndipo tukawasha. Vidole viligoma, lakini waliolala chini waliamka. Hakikisheni pia kengele ya gesi hiyo ipo na inafanya kazi.

Mwisho ni makaratasi. Kenya na Tanzania namba ya injini imeandikwa kwenye hati ya gari, kwa hiyo ukibadili injini lazima ukabadilishe na hati. Kibali cha Ontario kinafuata namba ya chesisi. Usidhani umesalimika: bima lazima iambiwe. Ukinyamaza halafu ukagonga, wanaweza kukugeuzia kibao. Vipimo vya moshi vya Drive Clean kwa magari madogo viliisha Aprili 2019, lakini kung'oa vifaa vya kusafisha moshi bado ni kosa. Na anayetaka kuuza ajue kwamba cheti cha usalama kinadumu siku 36 tu.

Kilichobaki kwangu ni ekzosi, ambayo chumvi ya barabarani imeila, pamoja na breki za nyuma, kisha fundi mwenye leseni aikague yote. Hatuingii Highway 410 kabla ya hapo. Mwenye spana namba 14 yangu airudishe, tafadhali!