Risasi, Udongo na Nyumba za Bei Nafuu (Makala ya Tatu)

Mahakama ya Juu ya Kenya ilipotoa uamuzi wake kuhusu kijiji cha Owino Uhuru tarehe 6 Desemba 2024, wasomaji walinitaka niache viwanda vya gesi vya London, nilikokuwa nimefikia katika makala iliyopita, nirudi Mombasa. Nimewasikia. Mambo ya msingi tumekwisha kuyapitia: namna ardhi ya mjini inavyochafuka, kwa nini metali nzito haziozi kama taka nyingine, na jinsi sampuli za udongo zinavyochukuliwa. Leo ni zamu ya madini ya risasi peke yake. Nimeyasoma madini haya tangu ujana wangu, na sijaona jambo jingine linaloonyesha wazi hivi jinsi binadamu anavyoweza kuijua hatari kwa karne nyingi na bado akaipeleka kwa mnyonge.

Tuanze na Warumi. Vitruvius, bingwa wa ujenzi aliyeishi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliandika kwamba maji yanayopita katika mabomba ya udongo wa kufinyangwa ni salama kuliko yanayopita katika mabomba ya risasi. Ushahidi wake ulikuwa mafundi wa risasi wenyewe, ambao alisema wamepauka mwili. Mwaka 1767 daktari Mwingereza George Baker akabaini kwamba msokoto wa tumbo uliowasumbua watu wa Devon ulitokana na risasi iliyotumika katika mitambo ya kukamulia matofaa ya kutengenezea kileo chao. Wenyeji hawakumshukuru, kwa kuwa biashara ya kileo hicho ndiyo iliyokuwa ikiwalisha.

Lakini anayenigusa zaidi ni Lockhart Gibson, daktari wa macho wa Brisbane, Australia. Alikuwa akiletewa watoto walioharibika macho na wengine waliopooza viungo. Mwaka 1904 alieleza chanzo: rangi yenye risasi iliyopakwa kwenye vizuizi vya baraza za nyumba. Jua kali liliikausha rangi ikawa unga, watoto wakaishika wakicheza, kisha vidole vikaenda mdomoni. Mwili wa mtoto hufyonza risasi nyingi zaidi kuliko wa mtu mzima, na ubongo wake bado unajengwa. Sehemu kubwa ya risasi inayobaki mwilini hukaa katika mifupa kwa miongo, na mwanamke akishika mimba inaweza kutoka huko ikamfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo tangu 1904 dunia ilikuwa imeelezwa njia yenyewe: vumbi, kidole, mdomo.

Ilifanya nini? Mwaka 1921 Thomas Midgley, mhandisi wa kampuni ya General Motors, aligundua kwamba risasi ikitiwa kwenye petroli injini hutulia na kuacha kugonga. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa baada ya kurukwa na akili kwa sumu hiyo. Mwaka uliofuata daktari Alice Hamilton, aliyekuwa ametembelea viwanda kwa miaka mingi akiwachunguza wafanyakazi mmoja mmoja, alisimama katika mkutano wa serikali akapinga. Hakusikilizwa. Ikabidi aje mwanasayansi Clair Patterson, yule aliyepima umri wa dunia kwa kutumia risasi iliyomo katika vimondo. Kila alipopima alikuta risasi ya ziada inaingia katika maabara yake. Alijenga maabara safi kupita zote za wakati wake, kisha akafuatilia chanzo mpaka akafika kwenye moshi wa magari. Kwa kusema hivyo alipoteza ufadhili. Kenya na nchi nyingi za Afrika zilikomesha petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006, na nchi ya mwisho duniani kuuza petroli hiyo kwa magari, Algeria, iliacha 2021. Ni karne nzima tangu Midgley. Kila mwaka wa ucheleweshaji huo ulikuwa na faida kwa mtu fulani, na sitaki msomaji adhani kwamba ulikuwa ujinga tu.

Petroli ilipoachwa, risasi haikuondoka. Zaidi ya asilimia 80 ya risasi inayotumika duniani leo huenda katika betri, na betri ikifa huvunjwa, maji yake ya asidi humwagwa, vibao vyake huyeyushwa tena. Kazi hiyo ikifanywa ndani ya jengo lililofungwa, lenye vichujio vya moshi, huokoa madini mengi. Ikifanywa kando ya nyumba za watu huua. Huko Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008. Bei ya risasi ilikuwa imepanda, na kina mama walichota mchanga uliokuwa umejaa mabaki ya betri, wakauchekecha nyumbani ili wauze vipande. Walikuwa wakitafuta chakula cha watoto wale wale.

Yaliyotokea Owino Uhuru, eneo la Mikindani, wasomaji wa Pwani wanayajua: kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofanya kazi ukuta kwa ukuta na makazi ya watu wapatao 3,000, malalamiko yaliyopuuzwa, na Phyllis Omido aliyeanza kuuliza maswali akiwa mfanyakazi wa hapo na kuendelea hata baada ya vitisho na kukamatwa. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Tena iliagiza udongo na maji visafishwe katika miezi minne, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kufanyia kazi hiyo. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo 2023. Sasa Mahakama ya Juu imeirejesha.

Fidia imeandikwa sana. Agizo la udongo limesahaulika, nami nadhani ndilo zito zaidi, kwa sababu mtoto atakayezaliwa kesho atatambaa juu ya udongo ule ule.

Risasi hushikamana na tabaka la juu la ardhi. Hiyo ni nafuu kidogo, maana mara nyingi inatosha kukwangua sentimita kadhaa za juu, kuzisomba, na kuweka udongo safi. Ndivyo vilivyofanyiwa vijiji vya Zamfara, Nigeria, baada ya janga la 2010 lililoua watoto zaidi ya 400, na vibarua walikuwa wanakijiji wenyewe. Watabibu waliona wazi kwamba dawa ya kutoa risasi katika damu haina maana iwapo mtoto anarudishwa kwenye ua ambao haujasafishwa. Njia nyingine ilitumika West Oakland, California: unga wa mifupa ya samaki ulichanganywa na udongo, fosfati yake ikaifunga risasi katika umbo ambalo tumbo haliliyeyushi kwa urahisi. Pwani yetu haikosi mifupa ya samaki, na ningependa vyuo vyetu viijaribu njia hiyo kwa udongo wetu.

Haya yanahusu vipi nyumba za bei nafuu? Kwa mujibu wa sheria ya 2024 kila mwenye mshahara nchini Kenya anakatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba hizo, na ardhi ya mjini ni ghali. Viwanja vya karakana za zamani, yadi na maghala vitatamaniwa. Sipingi. Ni ardhi nzuri, iko karibu na kazi na barabara. Ila tukumbuke mtaa wa West Calumet katika mji wa East Chicago, Indiana. Mwanzoni mwa miaka ya sabini serikali ilijenga hapo nyumba za watu wa kipato cha chini, mahali palipokuwa na kiwanda cha risasi. Eneo liliingizwa katika orodha ya kitaifa ya maeneo yenye sumu mwaka 2009. Hata hivyo, ilikuwa 2016 wakazi zaidi ya 1,000, wengi wao watoto, walipoambiwa wahame, na nyumba zikabomolewa 2018. Gharama ya kupima udongo kabla ya kuchimba msingi isingefikia hata sehemu ndogo ya hasara hiyo.

Ombi langu kwa wizara ni dogo. Kwenye kila eneo la ujenzi kuna bango lenye majina ya mkandarasi, mhandisi na msanifu. Uongezwe mstari mmoja: udongo ulipimwa lini, na kiwango cha risasi ni kipi. Marekani ilishusha kipimo chake cha tahadhari kwa udongo wa makazi kutoka sehemu 400 kwa milioni hadi 200 mnamo Januari 2024. Tukianza na hicho hatutakuwa tumekosea.

Nafasi imenibana kabla sijagusa swali linaloulizwa sana Mikindani: udongo ukishakwanguliwa, upelekwe wapi, na nani akubali kuupokea? Hilo ndilo la makala ijayo.