Chumbe: Kisiwa chenye mvua nyingi kisicho na chemchemi

Na Mwandishi Wetu, Kibaigwa

Mstari ukichorwa kwenye ramani kutoka Kibaigwa, mji wa soko la mahindi wilayani Kongwa, kwenda mashariki, utafika Unguja. Takriban kilomita 12 kusini mwa Mji wa Zanzibar kipo Kisiwa cha Chumbe, hifadhi ndogo ya hekta zipatazo 22.

Maeneo hayo mawili yapo takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, hivyo hupata jua lile lile. Kinachoyatofautisha ni bahari. Pepo za kusi huacha sehemu kubwa ya unyevu wake pwani na katika milima ya mashariki, zikafika nyanda za kati zikiwa kavu. Ndiyo maana Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, wenye wastani wa milimita 570 kwa mwaka, ilhali Unguja hupata masika na vuli, na mvua yake kwa kawaida huzidi milimita 1,500. Usiku wa Julai nao hauna baridi kali huko, kwa kuwa maji ya bahari hupoa polepole.

Hata hivyo, Chumbe haina mto wala chemchemi. Kisiwa chote ni jiwe la matumbawe ya kale, lenye matundu yanayopitisha maji ya mvua hadi yakachanganyika na ya chumvi. Mkulima wa Kongwa, anayejua thamani ya tone la mvua, ataelewa haraka kwa nini mapaa ya mabanda ya wageni yamejengwa kukinga maji na kuyapeleka kwenye matangi chini ya sakafu. Vyoo havitumii maji, ili uchafu usipenye jiweni na kufika baharini.

Msitu huota katika nyufa za jiwe hilo. Humo wanaishi kaa wakubwa wa nazi, pamoja na paa nunga waliohamishiwa kisiwani baada ya uwindaji na ukataji miti kuwapunguza Unguja. Panya waliondolewa mwaka 1997.

Mwamba wa matumbawe ulio upande wa magharibi ulihifadhiwa kisheria mwaka 1994, na uvuvi ukapigwa marufuku. Katazo hilo limezuia nyavu. Joto la bahari halizuiliki kwa sheria. Mwaka 1998, na tena 2016, maji ya Bahari ya Hindi Magharibi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi katika ukanda huo yakapauka.