Kirando: wiki za mwisho za jua katika biashara ya dagaa

Mvua za Rukwa huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Kwa mkulima wa nyanda za Ufipa huo ndio mwanzo wa mwaka. Kwa mama anayeanika dagaa Kirando, chini kule ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ndio mwanzo wa hasara, kwa sababu mtambo wake wa kukaushia ni jua, na hana mwingine. Dagaa aliyenunuliwa mbichi alfajiri akakuta wingu, ikifika jioni bei yake imeshaanguka. Kesho yake anauzwa kwa watengeneza chakula cha kuku.

Hivyo Septemba na Oktoba, wakati watu wa mjini wanalalamikia vumbi na joto, ndizo wiki zenye thamani kubwa kuliko zote katika uchumi wa mwambao wa Wilaya ya Nkasi. Na siku hizi wiki hizo zimekuwa chache kuliko zilivyokuwa.

Hesabu ilibadilika mwaka 2024. Nchi nne zinazopakana na ziwa hili, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, zilikuwa zimesaini hati ya pamoja ya usimamizi wa uvuvi Desemba 2021, kupitia Mamlaka ya Ziwa Tanganyika. Katika kutekeleza makubaliano ya nchi hizo, Tanzania ilisitisha uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Ukiitazama kalenda, miezi hiyo mitatu ndiyo kiini cha kiangazi chenyewe: anga safi, upepo mkavu, siku nyingi zisizo na tone la mvua. Ziwa linapofunguliwa katikati ya Agosti, kilichobaki ni mkia wa msimu. Nusu ya Agosti, Septemba, Oktoba, na Mungu akijalia siku chache za Novemba.

Hata mkia huo hauvuliwi wote. Dagaa wa Tanganyika hufuatwa usiku. Wavuvi hutoka na mitumbwi iliyounganishwa kwa nguzo, wavu wa kuinua ukiwa katikati, na taa zikimulika maji ili samaki wapande. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Leo nyingi ni taa za betri na za umeme wa jua. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauna nguvu tena mbele ya mwanga wa mbingu, samaki hutawanyika, na mitumbwi hupumzishwa hadi giza lirudi. Kwa hiyo kutoka Agosti 15 hadi katikati ya Novemba kuna magiza matatu tu ya kufanyia kazi. Biashara ya mwaka mzima kwa familia nyingi za Kirando, Kipili, Kabwe, Wampembe na visiwa vya karibu inaegemea hayo.

Nasema wazi kwamba siupingi uamuzi wa kulipumzisha ziwa. Ziwa hili, lenye urefu wa kilometa zipatazo 670 na kina kinachokaribia mita 1,470, linategemea upepo wa kusini-mashariki unaovuma kati ya Mei na Septemba. Upepo huo husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji baridi ya chini hupanda yakiwa na virutubisho. Viumbe vidogo vinavyoelea majini huongezeka, dagaa huvila, na samaki wakubwa kama migebuka hula dagaa. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kwamba ongezeko la joto na kupungua kwa upepo kumedhoofisha mzunguko huo wa maji, na walikadiria kwamba uzalishaji wa chakula cha msingi ziwani ulishuka kwa karibu asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki kwa takribani asilimia 30. Ziwa lenye chakula pungufu haliwezi kuvuliwa mwaka mzima kama zamani. Anayelipenda ziwa na anayeishi kwa ziwa wote wana sababu ya kukubali likizo ya samaki.

Ninachodai ni kwamba kalenda ya ziwa ikibadilika, kalenda za shughuli nyingine zote zinazolizunguka nazo zibadilike. Mpaka sasa mvuvi na mchakataji ndio waliobanwa kwenye siku chache za jua, huku mikopo, usafiri na mafunzo vikiendelea na mwendo wake wa zamani.

Tuanze na mchanga, maana fedha nyingi hupotelea hapo. Sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hili bado huanikwa chini ufukweni. Wanaofanya kazi hiyo kwa wingi ni wanawake: wananunua kwa beseni mtumbwi unapotia nanga, wanatandaza, wanageuza, wanafukuza kuku na mbuzi, na wanazoa upesi wingu likijikusanya juu ya milima ya Ufipa. Mchanga hauna gharama, lakini unakula faida polepole. Dagaa hushika chembe, hunyonya unyevu wa chini usiku, huvunjika wakati wa kuzolewa. Kwa kuwa kilo tatu hadi nne za dagaa mbichi hutoa kama kilo moja ya wakavu, kila kilo inayoharibika imebeba gharama ya samaki wengi. Mnunuzi mzoefu naye hahitaji mizani kujua. Anachota kwa kiganja, anamimina, anatazama vumbi linaloanguka, anatafuna mmoja. Akisikia mchanga chini ya jino, bei imeshapungua kabla hajasema neno.

Dawa yake inajulikana na si ngeni ziwani humu. Upande wa Burundi, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilianza mwaka 2004 kufundisha wachakataji kutumia vichanja: nguzo za miti, wavu wa waya juu yake, urefu wa kiunoni. Hewa inapita juu na chini. Samaki waliokuwa wakikaa mchangani hadi siku tatu walikauka kwa saa nane hivi. Kilo moja ya dagaa wakavu iliyokuwa ikiuzwa karibu faranga 4,000 za Burundi mwaka 2004 ilifikia faranga 9,000 mwaka 2013. Kupanda huko kunaweza kuelezwa na mfumuko wa bei wa miaka hiyo, na si haki kukipa kichanja sifa hiyo. Hata hivyo muda wa kukausha hauna mfumuko. Mchakataji anayekausha kwa saa nane anaweza, katika giza moja, kupokea mzigo wa kila asubuhi bila kuacha wa jana chini. Kwa Kirando yenye magiza matatu ya jua, hilo ndilo linaloamua nani amalize msimu na akiba na nani amalize na deni.

Ndiyo maana nashangaa kuona mtu mwenye fedha kidogo mwezi Agosti akikimbilia kuongeza wavu au taa. Akiongeza mzigo bila kuongeza mahali safi pa kukausha, anaongeza dagaa wa kuku. Mbao, miti na waya wa vichanja kadhaa ni gharama ndogo ukilinganisha na mashine moja ya boti, na hudumu misimu zaidi ya mmoja. Kama ningekuwa na sauti katika kikundi cha akina mama wa mwalo wowote wa Nkasi, ningewasihi vichanja visimame Julai, ziwa likiwa bado limefungwa, mikono ikiwa na nafasi na jua likiwa kali. Kujenga Septemba ni kuupoteza msimu kwa kuuandaa.

Jambo jingine ni jina. Sokoni Dar es Salaam, Dodoma au Mbeya, dagaa wa Tanganyika huitwa dagaa wa Kigoma, awe ametoka Kibirizi, kulekule Kigoma, au ametoka Kirando. Jina hilo lina heshima. Mlaji hulilipia zaidi kuliko dagaa wa Ziwa Viktoria. Kwa muda mrefu Kirando imeuza kwa mgongo wa jina la jirani bila kulalamika, na wafanyabiashara wengi wa Sumbawanga wanaona hilo ni sawa kwa sababu linauza. Mimi naona ni hasara ya kimya. Mzigo usio na jina lake hauwezi kudai bei yake. Akina mama wakikausha vizuri juu ya vichanja, dagaa wao huchanganywa kwenye gunia moja na wa mchangani, na jitihada zao huishia hapo. Mradi wa FISH4ACP, ambao FAO imeutekeleza pamoja na serikali, ulichagua hasa dagaa na migebuka wa Tanganyika kwa upande wa Tanzania bara. Ni msingi mzuri wa kufundisha kupanga kwa madaraja na kufungasha kwa jina la mwalo. Pakiti ndogo yenye neno Kirando, iliyofungwa Oktoba, ingesimulia habari yake yenyewe dukani.

Kule juu nyandani, wakati huohuo, kuna fedha. Mahindi ya Ufipa yameshavunwa, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula na wanunuzi binafsi wanapima magunia, na kaya za Sumbawanga, Namanyere na vijiji vya njiani zina shilingi mkononi kabla hazijaingia kwenye mbegu na mbolea. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi, na ugali wa nafaka hiyo unahitaji kitoweo. Lori linaloshusha mahindi na maharage ziwani, mengine yakivuka kwenda Kongo, linaweza kupanda na dagaa badala ya kupanda tupu. Biashara hii ya kubadilishana kati ya juu na chini ni ya miaka mingi. Wafipa na watu wa mwambao walikuwa wakibadilishana nafaka, chuma na samaki kabla ya barabara yoyote ya magari.

Barabara ndiyo yenye masharti. Kutoka Sumbawanga hadi Namanyere lori linakwenda vizuri. Kutoka hapo, kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Kirando, mvua kubwa inaweza kugeuza safari ya saa chache kuwa ya kulala njiani. Na ziwani nako njia moja imepungua: MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na iliyohudumia miji ya mwambao kwa vizazi, iliacha safari mwaka 2018, na tangu hapo mzigo wa Kirando umetegemea zaidi boti za mbao na magurudumu. Hivyo mnunuzi wa mbali anataka mzigo wake utoke kabla ya Novemba, na anajua kwamba muuzaji naye anajua. Oktoba ikifika mwishoni, mwenye gunia ana haraka, mwenye lori hana. Hapo ndipo bei hukatwa.

Haraka hiyo mara nyingi ina jina la mtu nyuma yake. Mvuvi alikopa mafuta, mchakataji alikopa fedha za beseni la kwanza, na aliyekopesha ni yuleyule anayenunua. Bei ilishapangwa siku deni lilipoandikwa. Kuna njia ya kuvunja mzunguko huo: kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili mfumo urekebishwe, kisha ikarejeshwa. Swali kubwa kwa mwambao ni mwezi wa kuitoa. Kikundi cha wachakataji kikipokea mkopo Januari kimepewa fedha za mvua: hakuna jua, dagaa ni wa kufukizwa kwa kuni au kukaangwa, na marejesho yanaanza kudaiwa kabla bidhaa haijapata bei. Mkopo huohuo ukitoka Juni, ukajenga vichanja Julai na kununua dagaa mbichi Agosti, unarudi wenyewe. Hili halihitaji sheria mpya wala fedha za ziada. Linahitaji maombi yapokelewe Machi na vikao vya kamati vikae Aprili.

Na anayeweza kutouza Oktoba, asiuze chote. Dagaa aliyekauka sawasawa, akahifadhiwa kwenye magunia safi yaliyowekwa juu ya mbao, mbali na ukuta, ghala likiwa kavu na likikaguliwa wadudu, hustahimili miezi. Masika hufanya dagaa wakavu wazuri kuwa adimu mwambao mzima. Baada ya masika, Mei 15 ziwa likifungwa tena, mwenye magunia hata kumi yaliyokaushwa juu ya vichanja mwezi Oktoba ana bidhaa ambayo hakuna mtumbwi unaoweza kuileta kwa miezi mitatu inayofuata.