Mwenye Mali ni Mwenye Kuhoji Hesabu

Mwanzilishi anayeandika kitabu kuhusu kuwakabidhi wafanyakazi kampuni yake huvutwa kukifunga siku ya kutia sahihi, kana kwamba kazi imekwisha. John Spedan Lewis wa London hakwenda mbio hivyo. Hati ya kwanza ya kuwashirikisha wafanyakazi wa maduka ya John Lewis aliisaini mwaka 1929. Kitabu chake, Partnership for All, kilitoka 1948. Tangu 1918 gazeti la kampuni lilikuwa likichapa barua za wafanyakazi bila majina yao, na wakubwa wakapaswa kuzijibu humohumo, kila mtu akisoma. Hapo ndipo ulipo umiliki: hisa bila haki ya kuhoji fedha ni karatasi tu.

Kigali imelipia somo hilo. Kwa miaka mingi motari, yaani waendesha pikipiki za abiria wa jiji, walikuwa wanachama wa vyama vya ushirika, na kwa mujibu wa sheria kila mwanachama ana kura moja, mkutano mkuu ndio wenye kauli ya mwisho, na ipo kamati ya kukagua viongozi. Hata hivyo, walipogoma Januari 2022, malalamiko yaliyoanzia kwenye mita za kidijitali na bei ya bima yalifika hadi kwenye michango ya ushirika, ambayo wengi hawakuona imewafaa nini. Mwaka huohuo iliamuliwa vyama 41 vya jijini viunganishwe, vibaki 5. Kuunganisha hupunguza viongozi wa kulipwa na kurahisisha ukaguzi, lakini chama kikiwa kikubwa, anayeshinda barabarani akisaka abiria huzidi kuwa mbali na meza ya mhasibu. Kwa hiyo idadi ya vyama peke yake haitibu ugonjwa. Dawa ni taarifa ya mapato na matumizi inayomfikia mwanachama kwa lugha anayoielewa, kabla ya kupiga kura.

Watakaopinga watasema wafanyakazi hawajui kuendesha biashara, watagawana faida yote wasibakize mtaji. Hofu hiyo ina msingi. Fagor, kiwanda cha vyombo vya umeme cha wanaushirika wa Mondragón nchini Hispania, kilifilisika mwaka 2013. Lakini kampuni za matajiri nazo hufilisika kila mwaka, na wenzao wa Mondragón waliwapokea wengi wa wanachama wa Fagor kwenye vyama vingine. Tena, kumiliki hakumlazimu kila mtu awe meneja: meneja huajiriwa, akasimamiwa, akaondolewa akishindwa. Mwanzilishi wa Kigali anayemalizia kitabu chake leo basi aandike sura iliyo ngumu kuliko zote: nani anaitisha mkutano asipokuwapo yeye, mwanachama anayeondoka analipwa nini, na nani ana haki ya kufungua daftari la hesabu bila kuomba ruhusa.