Hulka ya Jeshi na Mwendo wa Mchezaji

Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huketi na kete 32 na mashimo 16 yaliyo sawa na ya mwenzake, na katika sataranji majeshi mawili hupangwa sawasawa, isipokuwa mmoja lazima atangulie. Kwa hiyo hitilafu yoyote ya mwendo itokeayo baina ya wachezaji hutoka katika akili na tabia zao wenyewe, wala haiwezi kusingiziwa vyombo. Michezo ya vita ya kompyuta ilianza karibu na desturi hiyo. Katika Warcraft II, iliyotolewa mwaka 1995, jeshi la wanadamu na jeshi la mazimwi yalilingana kwa bei na kwa nguvu, askari kwa askari, na tofauti yao kubwa ilikuwa katika uganga tu: upande mmoja uliponya majeruhi wake, na wa pili uliwapandisha askari wake wazimu wa vita. Miaka mitatu baadaye kampuni ile ile ya Marekani, Blizzard, ikatoa StarCraft, na humo mlikuwa na makundi matatu yasiyofanana hata katika namna ya kusimamisha jengo.

Mtu mgeni akiyatazama makundi hayo, Terran walio wanadamu, Zerg walio mfano wa wadudu, na Protoss walio viumbe wa ustaarabu mkongwe, huyapambanua kwa sura na silaha, akadhani kwamba hitilafu yao imo katika kucha na mizinga. Kumbe hulka ya kila kundi imo hasa katika daftari la mapato na matumizi. Mfanyakazi wa Terran akijenga hana budi kukaa papo hapo hata jengo limalizike, ndipo arejee kazini. Wa Protoss huliasisi jengo akaliacha likamilike lenyewe, naye akaenda zake. Na wa Zerg hugeuka mwenyewe kuwa jengo, asionekane tena. Fauka ya hayo, Terran na Protoss huunda wafanyakazi katika jengo moja na askari katika jingine, wakaweza kufanya yote mawili kwa wakati mmoja, ilhali wafanyakazi na askari wa Zerg hutoka katika mabuu yale yale, ambayo kiota kikiachwa peke yake hakirundiki zaidi ya matatu, na buu lililokwisha kuwa mfanyakazi haliwezi kuwa askari.

Kutokana na sharti hilo moja huzaliwa mwendo mzima. Mwenye Zerg hujiuliza tangu mwanzo mpaka mwisho: nitaweza kuchelewesha jeshi langu hata lini? Akiwahi kuunda askari amejinyima mapato, akichelewa ameangamia. Basi humlazimu kupeleleza bila kukoma, apate kuitambua saa ambayo adui anatoka langoni, na hapo mabuu yote yageuzwe askari kwa mkupuo. Watu humwita jasiri, hata mjinga wa pupa, nami namwona ni jasusi na mhasibu. Mwenye Terran, kwa upande wake, ana kifaru ambacho sharti kitue na kujikita chini ndipo kipige mbali sana, na majengo awezayo kuyapanga yakaziba njia. Kwa hiyo hutambaa kutoka kituo mpaka kituo, tena kwa hadhari, hata kama nyumbani kwake ni mtu wa haraka.

Na mapigano yenyewe yana kanuni yake. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alieleza mwaka 1916, vita vikuu vikiendelea Ulaya, kwamba pale ambapo kila askari aweza kumpiga adui yeyote kwa mbali, nguvu ya kikosi hailingani na idadi yake bali na idadi iliyozidishwa kwa nafsi yake. Kumi wakikabiliana na watano walio sawa nao, hesabu ni 100 kwa 25; watano wakiisha, katika wale kumi watasalia wanane au tisa. Ili watano wale walingane na kumi, ubora wa kila mmoja wao, yaani nguvu ya pigo na uwezo wa kustahimili zikizidishwa pamoja, hauna budi kuwa mara nne. Walakini katika mapigano ya mkono kwa mkono penye njia nyembamba, ambapo mmoja humkabili mmoja, fadhila hiyo ya wingi hutoweka. Sasa, Zealot mmoja wa Protoss hugharimu madini 100, na kwa bei hiyo Zerg hupata Zergling wanne, wapiganao kwa kucha. Hapo kila mmoja anataka kinyume cha anachokitaka mwenzake: Protoss husimama mlangoni, na Zerg humvuta uwandani amzunguke. Wachezaji walilijua hilo kwa mazoea, wengi wao bila kumsikia Lanchester.

Hata pasipo silaha hesabu huwapinda watu. Zanzibar imo katika mchezo wa Civilization VI kama dola ndogo ya mji mmoja, nayo humpa mlezi wake karafuu na mdalasini visivyopatikana kwa njia nyingine mchezoni; basi mpenda vita hujikuta anatuma wajumbe ili awe mlezi huyo.

Mwaka 2019 kampuni ya DeepMind ya London ilifundisha programu iitwayo AlphaStar kucheza StarCraft II, kwanza kwa kuiga michezo ya wanadamu, kisha kwa kushindana na nafsi yake katika ligi. Kwa kuwa mbinu ya kwanza yaweza kuishinda ya pili, ya pili ikaishinda ya tatu, na ya tatu ikaishinda ya kwanza, ligini waliwekwa wapinzani mahususi ambao kazi yao ilikuwa kutafuta udhaifu wa programu kuu tu. Ilifika daraja la juu kabisa kwa makundi yote matatu, ikawapita zaidi ya asilimia 99.8 ya wachezaji waliopangwa madaraja. Lakini aliyefika huko hakuwa mchezaji mmoja. Wataalamu walilea programu tatu mbalimbali, moja kwa kila kundi, na ya Protoss ikapata alama 6275, ya Terran 6048, ya Zerg 5835. Mashine haina haraka wala subira ya kuzaliwa nayo, na bado iliwabidi kuifundisha mara tatu, maana ujuzi wa kuhesabu mabuu haumfai mwenye kujikita na vifaru.